Hunter: Manowari Iliyoumizwa na Vita Visivyo Vyake

Fungua kitabu chochote kinachoorodhesha manowari za Uingereza, utaona miaka ya kati ya vita vikuu viwili imebanwa katika sentensi mbili tatu. Meli ilijengwa mahali fulani, ikapangiwa kikosi fulani, ikafanya mazoezi, ikatiwa rangi. Halafu inaingia Septemba 1939 na mwandishi anapata pumzi: mizinga, nyambizi, medali, kurasa kumi mfululizo. Mimi zile sentensi mbili tatu huzisoma kwa hamu kuliko kurasa kumi. Ndani yake mna kazi ambazo dola huwatuma watu wake wakati yenyewe inaapa kwamba haina ugomvi na mtu.

HMS Hunter ni meli nisiyoweza kuipita hivi hivi. Ilitumika chini ya miaka minne yote kwa yote, na wengi wanaoijua wanaijua kwa asubuhi yake ya mwisho kule Narvik, Norway, Aprili 1940. Asubuhi hiyo nitaifikia, ila sitakaa hapo sana. Kilichonivuta ni alasiri moja ya Mei 1937 nje ya mji wa Almería, kusini mwa Hispania, miaka miwili na ushei kabla Uingereza haijawa vitani na yeyote.

Kwa wasiozoea mambo haya: destroya ni manowari nyembamba yenye mbio, iliyobuniwa mwishoni mwa karne ya 19 kuwinda boti ndogo za torpedo, yaani makombora yaendayo majini kwa injini yake, zilizokuwa zikizitia hofu meli kubwa. Ilipofika miaka ya 1930, hakuna kazi ambayo haikubebeshwa. Kusindikiza misafara, kusaka nyambizi, kupeleka barua, kuhamisha wakimbizi, kutia nanga mbele ya mji wa watu ili bendera ionekane. Manowari kubwa zenye deraya nene zilikuwa za kutunishia misuli. Destroya zilikuwa za kutumwa.

Uingereza ilizijenga kwa mpangilio unaonifurahisha. Kuanzia bajeti ya 1927, karibu kila mwaka kulitolewa oda ya kikosi kizima cha meli zinazofanana, pamoja na moja ya kiongozi, na majina yote yakaanza kwa herufi moja: mwaka wa A, mwaka wa B, hivyo hivyo. Mwaka wa H ukazaa tisa: Hardy, Hasty, Havock, Hereward, Hero, Hostile, Hotspur, Hunter na Hyperion. Hardy ndiye aliyekuwa kiongozi. Ni kama mama aliyeamua watoto wake wote waitwe kwa herufi moja, halafu akashangaa kila akiita mmoja wanageuka watatu. Namwonea huruma karani wa posta aliyepewa barua za kikosi kile.

Ukubwa wake nao haukuwa wa kujichagulia. Mkataba wa London wa 1930 uliiwekea Uingereza kikomo cha tani 150,000 za destroya kwa jumla, na mizinga yake isizidi kipenyo cha milimita 130. Wahandisi walilazimika kuminya. Hunter ilitoka na tani 1,350 hivi, urefu wa mita 98 na nusu, upana wa mita 10 tu. Ilikuwa na mizinga minne ya milimita 120 na mirija minane ya torpedo, na injini za mvuke za nguvu farasi 34,000 zilizoweza kuisukuma kwa kasi ya kilomita 67 kwa saa. Kasi hiyo ilinunuliwa kwa wembamba wa chuma. Deraya hakuna. Ubavu wa destroya ulikuwa mabati ya unene wa milimita chache, na nyuma ya mabati hayo mlikuwa na mafuta, mvuke, baruti na watu.

Ilijengwa na Swan Hunter huko Wallsend, ukingo wa kaskazini wa mto Tyne. Ilishushwa majini tarehe 25 Februari 1936 na kukabidhiwa jeshi la majini tarehe 30 Septemba mwaka huohuo, kwa gharama iliyozidi pauni 250,000 kabla ya kuhesabu silaha. Hapa inabidi nisimame kidogo, maana siku tano tu baadaye, tarehe 5 Oktoba 1936, wanaume wapatao 200 waliondoka Jarrow, mji ulio ng'ambo ya mto huohuo, wakashika njia kwa miguu kwenda London kudai kazi. Kiwanda chao cha meli, Palmers, kilikuwa kimefungwa. Meli ya mwisho kutoka Palmers ilikuwa nayo destroya, HMS Duchess, iliyoshushwa majini 1932. Sasa piga picha: upande mmoja wa mto manowari mpya inanukia rangi, upande wa pili mafundi wa kazi ileile wanafunga viatu vya safari. Silaha zilianza kurudisha kazi mtoni Tyne, lakini zilirudisha kwa kubagua, na ukingo wa kusini ukasubiri.

Wakati mafundi wanaimalizia Hunter, Hispania ilikuwa inaungua. Julai 1936 majenerali waliasi dhidi ya serikali ya Jamhuri, na Jenerali Franco akaibuka kuwa mkuu wao. Hunter ilipangwa katika Kikosi cha Pili cha destroya, Bahari ya Mediterania, pamoja na dada zake wa H. Meli hizo hazikupata hata nafasi ya kuchakaza rangi yake ya kwanza kabla hazijatumwa pwani ya Hispania.

Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Septemba 1936 nchi 27 za Ulaya zilikuwa zimekaa London na kuunda Kamati ya Kutoingilia Kati. Zote zilikubali kutopeleka silaha Hispania. Ujerumani ilikuwa mjumbe, na ndege zake na marubani wake walikuwa wakipigana upande wa Franco. Italia ilikuwa mjumbe, na maelfu ya askari wake walikuwa nchi kavu wakipigana upande uleule. Muungano wa Kisovyeti ulikuwa mjumbe, na vifaru vyake vilikuwa vikitumiwa na Jamhuri. Walikaa meza moja wakijadili namna ya kuzuia jambo ambalo nusu yao walikuwa wanalifanya.

Kilichotoka mezani ni doria ya baharini iliyoanza usiku wa 19 kuamkia 20 Aprili 1937. Pwani ya Hispania ilikatwa vipande na kugawiwa. Ufaransa ilipewa kipande chake, Uingereza chake, na, usicheke, Ujerumani na Italia nazo zikapewa ulinzi wa pwani ya mashariki, yaani pwani ya serikali ileile ambayo zilikuwa zikiipiga. Uingereza ilipata sehemu ya kaskazini, na kusini kuanzia mpaka wa Ureno hadi rasi ya Cabo de Gata. Almería iko kidogo tu magharibi ya rasi hiyo. Ilikuwa ukingoni kabisa mwa zamu ya Waingereza; ukipita rasi unakutana na Wajerumani.

Na manowari ya doria iliruhusiwa kufanya nini? Kidogo sana. Meli ya biashara ya nchi mwanachama ilitakiwa kwanza kupitia bandari kama Gibraltar na kupakia mwangalizi. Destroya ikikutana nayo ingeuliza kama mwangalizi yumo, na kama hayumo ingeandika ripoti. Kukamata, hapana. Meli zenye bendera ya Hispania hazikuhusika, na ndege zilipita angani zikiwa huru kama tai. Nimewahi kusikia watu wakisema kamati ile ilishindwa. Siamini kwamba ilishindwa, kwa sababu London na Paris hazikuhitaji izuie silaha. Zilihitaji iizuie Ulaya isigawanyike hadharani, na kwa muda ilizuia. Bei ililipwa na Wahispania kwanza, kisha na watu kama mabaharia wa Hunter.

Almería nayo usiifikirie kama bandari tulivu ya machungwa. Februari 1937 Málaga ilipoanguka mikononi mwa majeshi ya Franco, makumi ya maelfu ya watu walitembea kwa barabara ya pwani kuikimbilia Almería, huku manowari za waasi zikiwapiga kutoka baharini na ndege kutoka juu. Mji ulijaa hadi vichochoroni. Mbele ya mji ule, Aprili, boti mbili za mbio zilizojengwa Ujerumani, ambazo sasa zilikuwa za jeshi la Franco na kuitwa Falange na Requeté, zilipita na kutega mabomu majini.

Bomu la namna ile halina macho. Linafungwa kwa waya kwenye uzito ulio chini ya bahari, lenyewe linaelea mita chache chini ya uso wa maji, lisionekane. Mabomu mengi ya zama hizo yalikuwa na pembe za risasi zilizotokeza juu ya mwili wake, na ndani ya kila pembe kichupa cha kioo chenye asidi. Meli ikiigusa pembe, inajikunja, kichupa kinavunjika, asidi inamwagika kwenye betri iliyokuwa kavu, umeme unazaliwa, na baruti inalipuka. Halijui bendera. Mtegaji anaweza kuwa ameshalala nyumbani kwake wiki nzima, au ameshakufa.

Alasiri ya tarehe 13 Mei 1937 Hunter ililigusa moja.

Ili uelewe kilichofuata, lazima ujue watu walikaa wapi ndani ya destroya. Katika meli za Kiingereza za enzi ile, maofisa walikuwa na vyumba vyao tezini, nyuma. Mabaharia wa kawaida walikaa omoni, mbele, kwenye mabweni ya chuma ambamo walikula mezani mchana na kuning'iniza vitanda vya turubai usiku, mtu na mwenzake wakigusana mabega. Wakati wa amani Hunter ilibeba watu 137, na wengi wao makazi yao yalikuwa mbele. Bomu likaipiga sehemu ya mbele. Omo ikaingia maji, meli ikalala upande, redio ikavunjika, kwa hiyo hata kuomba msaada kulikuwa shida. Matangi yakapasuka na mafuta mazito ya boila yakamwagika mabwenini, juu ya maji, juu ya watu.

Wazee wa pwani yetu walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Siku ile tezi ilishuka ngamani kwa miguu yake. Nahodha wa Hunter, Bryan Scurfield, aliacha sehemu yake na kuingia ndani ya mafuta kuwatafuta vijana wake. Luteni Patrick Noel Humphreys naye aliongoza kikundi kuingia mbele, ndani ya meli iliyokuwa ikielekea kuzama kwa kichwa, kuwatoa majeruhi. Wote wawili walipewa nishani za ushujaa za wakati wa amani. Scurfield alipata ile ya Albert, na ya Humphreys baadaye ilibadilishwa kuwa Msalaba wa George, ulioanzishwa 1940. Ushujaa wa wakati wa amani! Kwa makaratasi ilikuwa sahihi, maana hapakuwa na adui. Mabaharia wanane walikufa siku hiyo bila ya kuwa na adui.

Meli iliyokuja kuwavuta ni destroya ya Kihispania, Lazaga, ya serikali ya Jamhuri. Jambo hili halitajwi vya kutosha. Jamhuri ndiyo iliyobanwa na mpango wa kutoingilia kati, maana ilinyimwa haki ya kununua silaha ambayo serikali halali huwa nayo. Hunter ilikuwa pale ikiwa chombo cha mpango huo. Hata hivyo, Lazaga iliingia kwenye maji yaliyotegwa mabomu, ikafunga kamba, na kuwakokota Waingereza hadi bandarini Almería usiku ule. Lazaga ilikuwa na ndugu yake wa tumbo moja, Velasco, ambaye wakati huo alikuwa anapigana upande wa Franco. Hata meli ziligawanyika nyumbani.

Kutoka Almería, Hunter ilikokotwa na manowari ya Kiingereza Arethusa hadi Gibraltar, ikazibwa ziba kiasi cha kuelea, kisha ikapelekwa Malta kwa matengenezo ya kweli.

Mji uliowahifadhi haukukaa salama kwa muda mrefu. Tarehe 29 Mei ndege za Jamhuri ziliipiga manowari ya Kijerumani Deutschland ikiwa Ibiza, na mabaharia 31 wakauawa. Hitler alitaka kisasi. Alfajiri ya tarehe 31 Mei, siku 18 baada ya Hunter kulipuliwa, manowari Admiral Scheer pamoja na meli nyingine nne zilisimama mbele ya Almería na kuufyatulia mji makombora, zikabomoa nyumba na kuua raia. Kumbuka kwamba Ujerumani wakati ule ilikuwa bado mlinzi rasmi wa kutoingilia kati, mwenye zamu yake upande wa pili wa rasi. Juni ikajitoa katika doria, na Italia ikafuata.

Hunter haikuyaona hayo. Ilikuwa mahututi gatini. Dada zake ndizo zilizoendelea, na mambo yakazidi kuwa machafu. Agosti 1937 nyambizi zisizo na bendera zilianza kuzamisha meli za biashara katika Mediterania, na kila mtu alijua ni za Italia isipokuwa waliolipwa kutojua. Usiku wa 31 Agosti nyambizi Iride, chini ya Junio Valerio Borghese, ilirusha torpedo kwa destroya Havock ikiidhania ya Kihispania. Ikaikosa. Havock ikaigeukia na kuimwagia mabomu ya kina, yale yanayolipukia chini ya maji. Wiki mbili baadaye, huko Nyon, Uswisi, Uingereza na Ufaransa zilikubaliana kwamba nyambizi yoyote itakayoshambulia meli ya biashara isiyo ya Kihispania itapigwa na kuzamishwa. Uharamia ukapungua haraka. Ni mara moja ambapo destroya zile zilipewa amri iliyoeleweka, na matokeo yakaonekana.

Matengenezo ya Malta yalimalizika Novemba 1938. Ukipiga hesabu, tangu Hunter ikabidhiwe mpaka ilipozama ni miezi 42 na siku kidogo, na kati ya hiyo takribani 18 ilikuwa kipande cha chuma kinachopasuliwa na kushonwa. Ilikuwa imefanya kazi miezi saba na nusu tu kabla ya kulipuliwa. Kwa kifupi, kitu kilichoifanyia Hunter kikubwa zaidi katika maisha yake kabla ya vita kilikuwa doria ambayo haikuzuia hata bunduki moja ambayo mtu alidhamiria kuipitisha.

Vita vilipoanza ilipelekwa Atlantiki, kisha ikarudi nyumbani. Asubuhi ya 10 Aprili 1940, katikati ya theluji, Hardy, Hunter, Havock, Hotspur na Hostile ziliingia kwenye hori refu la Narvik na kuzikuta destroya za Kijerumani zimelala bandarini. Zilizamisha mbili na kuziumiza nyingine. Wakati wa kutoka, Wajerumani wengine wakatokea pande mbili. Hunter, sasa chini ya Lindsay de Villiers, ikapigwa vibaya na kupoteza mwendo. Nyuma yake ilikuwa Hotspur, ambayo usukani wake ulikuwa umekwama kwa makombora. Hotspur ikaigonga Hunter ubavuni, dada kwa dada, kwa kasi. Hunter ikazama na zaidi ya mabaharia 100. Waliobaki hai katika maji yale ya barafu waliokolewa na Wajerumani.

Scurfield hakuwamo. Aliendelea kupanda, akapewa destroya kubwa zaidi, Bedouin, iliyozamishwa Mediterania Juni 1942, naye akachukuliwa mateka. Aliuawa Aprili 1945, wiki chache kabla ya amani, ndege za upande wake mwenyewe zilipoushambulia msafara wa mateka waliokuwa wakitembezwa barabarani Ujerumani. Nishani yake aliipata pasipo adui, na kifo chake hakikutoka kwa adui.

Katika zile tisa za H, saba zilikuwa zimekwisha kufikia katikati ya 1942. Hero ikapewa Kanada. Na Hotspur, iliyomgonga dada yake, ndiyo iliyobahatika kuliko zote. Mwaka 1942 ilikuwa katika Kikosi cha Mashariki cha Uingereza, kile ambacho Wajapani walikisukuma kutoka Ceylon (Sri Lanka ya leo) na kikahamishia kituo chake Kilindini, Mombasa. Baada ya vita iliuzwa kwa Jamhuri ya Dominika, ambako dikteta Trujillo aliipa jina lake mwenyewe. Trujillo alipouawa 1961, Wadominika wakaibatiza upya Duarte, na ikaendelea kutumika katika Karibi hadi 1972, ilipokatwakatwa kwa chuma chakavu. Mabaki ya Hunter yalipatikana 2008 na meli ya jeshi la majini la Norway, Tyr, chini ya hori la Narvik, kina cha mita 300 hivi.